Jinsi ya kuchora ardhi yenye mteremko katika programu za kubuni nyumba

PROGRAMU za tarakilishi za kubuni nyumba zimemwezesha mtu asiye na taaluma ya usanifu majengo kuchora nyumba yake mwenyewe, akaizungusha kwenye skrini na kuitazama kutoka kila upande kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Hata hivyo, nyingi kati ya programu hizo humpa mchoraji ardhi iliyo bapa kama meza. Nyumba husimama juu yake bila dosari, nyasi zikiwa kijani kibichi pande zote.

Ploti halisi ni nadra kuwa hivyo. Kuanzia Murang'a na Kisii hadi Taita, viwanja vingi huteremka kuelekea mtoni au barabarani. Mchoro usioutambua mteremko huo huzaa gharama ambayo mwenye nyumba huigundua siku mafundi wanapoanza kuchimba msingi: kifusi cha ziada, ukuta wa kuzuia udongo ambao haukuwa katika bajeti, na maji ya mvua yanayoishia mlangoni.

Programu zenyewe zina uwezo wa kuunda vilima, mabonde, ngazi za ardhi na mitaro. Linalohitajika ni kuelewa jinsi zinavyofanya kazi, na zaidi ya yote kukumbuka kwamba programu haijui lolote kuhusu ardhi isipokuwa vipimo inavyopewa.

Ardhi ndani ya tarakilishi

Tarakilishi haihifadhi kilima kama kilima. Huhifadhi nukta nyingi, kila moja ikiwa na namba tatu: mbili za kuonyesha mahali ilipo na moja ya kuonyesha kimo chake. Kisha huziunganisha nukta hizo kwa pembetatu ndogo ndogo, na utando huo wa pembetatu ndio unaopakwa rangi ya nyasi au udongo.

Kanuni itumiwayo sana katika kuchagua pembetatu hizo ilielezwa na mwanahisabati Mrusi, Boris Delaunay, mwaka wa 1934. Ukichora duara linalopita kwenye pembe zote tatu za pembetatu, nukta nyingine yoyote isiwe ndani ya duara hilo. Matokeo yake ni kwamba pembetatu nyembamba kama sindano huepukwa kadiri iwezekanavyo, na ardhi ikaonekana ya kawaida.

Ni muhimu mchoraji afahamu kwamba baina ya nukta moja na nyingine, programu hukisia. Hunyoosha mstari tu. Mtaro ukipita katikati ya nukta mbili bila kupimwa, kwenye mchoro mtaro huo haupo.

Namna nyingine ya kuonyesha umbo la ardhi ni kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo sawa. Mbinu hii iliimarishwa na Mwingereza Charles Hutton kufuatia jaribio lililoanza mwaka wa 1774 katika mlima Schiehallion, Scotland, ambapo wanasayansi walinuia kukadiria uzito wa dunia. Hutton alikabiliwa na mamia ya vipimo vya mlima huo, naye akaunganisha kwa mistari nukta zenye kimo kimoja ili umbo la mlima lionekane.

Kuzisoma kontua si vigumu. Mistari ikikaribiana, mteremko ni mkali. Ikiachana, ardhi imetulia. Mistari ikipinda na ncha yake kuelekea upande wa juu, hapo pana bonde au mkondo wa maji. Mstari ukijifunga kama pete, ndani yake pana kilele au shimo.

Vipimo hutoka wapi?

Wachoraji wengi hudhani vimo vya ploti vinaweza kuchukuliwa kwenye ramani au kutoka angani. Kwa nyumba ya kawaida, vyanzo hivyo havitoshi.

Chukua ploti ya futi 50 kwa 100 iliyozoeleka nchini, ambayo ni takriban mita 15 kwa 30. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:50,000, urefu wote wa ploti hiyo ni milimita 0.6, karibu unene wa mstari wa kalamu.

Data ya angani nayo ina mipaka yake. Februari 2000, chombo cha Endeavour cha Marekani kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada vimo vya sehemu kubwa ya nchi kavu. Data hiyo hutumiwa hadi leo na hupatikana bila malipo. Lakini katika toleo lake bora zaidi, kila kimo kinawakilisha mraba wa takriban mita 30 kwa 30. Ploti mbili za futi 50 kwa 100 zikiwa bega kwa bega huingia katika mraba mmoja, na kupewa kimo kimoja. Data ya namna hii humfaa anayetaka kuonyesha kilima kilicho nyuma ya nyumba, wala si anayetaka kujua kina cha msingi.

Kwa hivyo, sharti ploti ipimwe. Mpimaji ardhi mwenye vifaa ataimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi. Pasipo mpimaji, mafundi wa ujenzi wana njia ya kale ambayo haijapoteza uwezo wake: mpira mwembamba unaopenyeza nuru, uliojazwa maji. Watu wawili hushika ncha zake, na maji yakitulia, uso wa maji katika ncha zote mbili huwa katika kimo kimoja hata kama ardhi baina yao imepanda na kushuka. Kinachohitajika ni kuhakikisha kwamba hamna viputo vya hewa ndani ya mpira, kisha kupima kwa rula umbali kutoka uso wa maji hadi ardhini katika kila upande. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo tofauti ya kimo.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mahali pasipohamishika, kwa mfano bikoni ya pembeni mwa ploti, na kupapa kimo cha mita 100.00. Namba hiyo haihusiani na kimo kutoka usawa wa bahari. Huchaguliwa ili pasiwe na vimo vilivyo chini ya sufuri. Kisha ploti hugawanywa kwa vigingi vya kila mita 5. Ploti ya mita 15 kwa 30 huwa na vigingi 4 kwa upana na 7 kwa urefu, yaani nukta 28.

Fauka ya hizo, hupimwa kila mahali ardhi inapobadilika ghafla: ukingo wa juu na wa chini wa genge, sakafu ya mtaro, ukingo wa barabara, shina la mti utakaobakizwa na msingi wa jirani. Nukta hizi za ziada ndizo hutofautisha mchoro wa kweli na picha ya kupendeza.

Kuingiza ardhi kwenye mchoro

Programu hutofautiana kwa majina ya vitufe, lakini mwendo wa kazi ni ule ule. Katika Chief Architect na nduguye mdogo Home Designer, ambazo hutengenezwa jimboni Idaho, Marekani, mchoraji huanza kwa kuweka mpaka wa ardhi unaolingana na mpaka wa ploti. Kisha huingiza nukta za vimo moja baada ya nyingine, au mistari ya vimo ikiwa ana kontua za mpimaji. Baada ya hapo huiamuru programu iijenge ardhi, nayo huchora kontua na umbo lenye pande tatu.

Programu hizo zina vyombo vya aina mbili ambavyo wengi huvichanganya. Aina ya kwanza ni data ya vimo, ambayo huiambia programu ardhi ilivyo. Aina ya pili ni virekebishi, kama vile kilima, bonde, eneo lililoinuliwa, eneo lililoshushwa na eneo bapa. Hivi hubadilisha ardhi ambayo tayari ipo. Anayetumia kirekebishi cha bonde kuonyesha mteremko wa ploti nzima hujitafutia taabu, kwa sababu kila badiliko la baadaye litamlazimu kukisia upya. Utaratibu bora ni kuiweka kwanza ardhi ya asili kwa data ya vimo, kuihifadhi katika faili yake, kisha kutumia virekebishi kuonyesha kazi ambayo mafundi wataifanya: kusawazisha, kuinua kitalu cha maua au kuchimba kidimbwi.

SketchUp, iliyoanzia mikononi mwa kampuni ya @Last Software, ikanunuliwa na Google mwaka wa 2006 na kisha Trimble mwaka wa 2012, hufuata njia nyingine. Mchoraji huchora kila kontua na kuipandisha hadi kimo chake, kisha vifaa vilivyo katika kundi liitwalo Sandbox huitandaza ardhi juu ya mistari hiyo. Kifaa cha Smoove huvuta ardhi juu au chini kwa umbo la duara, mfano wa mtu anayeinua shuka kwa ngumi. Kifaa cha Stamp hugandamiza umbo la msingi wa nyumba ardhini na kuacha uwanja bapa wenye kingo za mteremko. Drape nacho huangusha mistari ya barabara au njia ya miguu juu ya ardhi iliyopinda.

Wanaotumia Sweet Home 3D, programu isiyolipiwa iliyobuniwa na Mfaransa Emmanuel Puybaret, hukuta kwamba ardhi yake ya kawaida ni bapa. Wao hulazimika kuunda umbo la ardhi katika programu nyingine na kuliingiza kama vile wangeingiza kiti au meza. Kwa wasanifu wanaotumia Revit, toleo la mwaka wa 2024 lilileta ardhi yenye unene, badala ya ule utando mtupu wa awali, hivyo basi kuifanya hesabu ya udongo unaochimbwa iwe rahisi zaidi.

Hesabu ya udongo

Faida kubwa ya kuichora ardhi ilivyo ni kwamba mwenye nyumba anaweza kulinganisha gharama kabla ya jembe kugusa udongo. Tuseme ile ploti ya mita 30 inashuka mita 3 kutoka juu hadi chini. Huo ni mteremko wa asilimia 10. Nyumba ina upana wa mita 9 na kina cha mita 10 kwa kufuata mteremko. Ina maana kwamba ukuta wa upande wa chini umesimama mahali palipo mita 1 chini ya ukuta wa upande wa juu.

Njia ya kwanza ni kuiweka sakafu sawa na ardhi ya upande wa juu na kujaza upande wa chini. Kifusi kitakachohitajika ni mita 45 za ujazo, na chote kitatoka nje ya ploti.

Njia ya pili ni kuiweka sakafu katikati, kuchimba nusu mita upande wa juu na kujaza nusu mita upande wa chini. Hapa kinachochimbwa ni mita 11.25 za ujazo, na kinachojazwa ni kiasi hicho hicho.

Njia ya tatu ni kuigawa nyumba katika sakafu mbili zinazopishana kwa nusu mita, zikiunganishwa kwa vidato vitatu. Uchimbaji hushuka hadi takriban mita 5.6 za ujazo. Kwa kuiinua na kuishusha sakafu kwenye skrini, mchoraji huyaona matokeo haya kwa dakika chache.

Hesabu hiyo haijakamilika, kwani udongo ukichimbwa hufura, na ule wa kawaida unaweza kuongezeka kwa takriban robo ya ujazo wake kabla ya kushindiliwa. Isitoshe, si kila udongo unafaa kujazia. Udongo mweusi ulioenea Embakasi na katika tambarare za Athi hufura unaponyeshewa na kupasuka wakati wa kiangazi, na haufai kuwekwa chini ya sakafu. Programu huupaka rangi ile ile ya kijani kama udongo mwingine wote. Vilevile, nguzo na kuta za msingi zinapaswa kufika kwenye ardhi ngumu ya asili, zisiishie ndani ya kifusi.

Wakulima wa Machakos wanaielewa vyema hesabu hii ya kuchimba na kujaza. Katika matuta ya fanya juu, mtaro huchimbwa kwa kufuata kontua na udongo hutupwa upande wa juu. Kadiri miaka inavyopita, udongo unaosombwa na maji hujikusanya nyuma ya tuta hadi mteremko unageuka kuwa ngazi. Jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo vya kimataifa likiwa vivyo hivyo.

Kuta za kuzuia udongo

Ukuta wima huzisumbua programu nyingi za ardhi, kwa kuwa mahali pamoja huruhusiwa kuwa na kimo kimoja tu, ilhali ukuta unahitaji viwili: cha juu na cha chini. Ndiyo sababu Chief Architect ina chombo maalumu cha ukuta wa kuzuia udongo, ambacho huikata ardhi katika pande mbili. Mchoraji huweka mstari mmoja wa kimo nyuma ya ukuta na mwingine mbele yake, kila mmoja ukiwa na namba yake. Pasipo mistari hiyo miwili, ardhi hupanda na kuufunika ukuta kama blanketi.

Kwenye skrini ukuta dhaifu hauanguki. Ardhini, msukumo wa udongo huongezeka kwa kasi kuliko kimo cha ukuta: ukuta ukiongezwa kimo maradufu, msukumo huwa mara nne. Kwa hivyo kuta mbili za sentimita 75, zilizoachanishwa vya kutosha na kupandwa mimea katikati, ni salama kuliko ukuta mmoja wa mita 1.5. Sehemu nyingi za Marekani huhitaji kibali na michoro ya mhandisi kwa ukuta unaozidi futi 4, yaani takriban mita 1.2. Nchini Kenya, michoro ya ujenzi huidhinishwa na serikali ya kaunti, na ukuta wa kubeba udongo ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa.

Aidha, nyuma ya ukuta huhitajika kokoto na matundu ya kutolea maji. Kuta nyingi zinazoanguka wakati wa masika husukumwa na maji yaliyokosa pa kutokea.

Maji, ngazi na njia ya gari

Maji hufuata mkondo. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye ploti ya mita 15 kwa 30, maji yaangukayo ni lita 22,500, na hiyo ni kabla ya kuhesabu yatokayo kwa jirani wa juu. Ardhi inayoizunguka nyumba yapaswa kushuka kuelekea nje, angalau sentimita 15 katika mita 3 za kwanza.

Upande wa juu wa nyumba iliyochimbiwa mteremkoni ndio wenye hatari. Hapo huchorwa mfereji mpana usio na kina kirefu, unaoyapokea maji na kuyapitisha kandokando ya nyumba. Baada ya kuuchora, mchoraji azikague kontua: iwapo mstari wowote umejifunga kama pete karibu na ukuta na ndani yake vimo vinashuka, hapo maji yatatuama.

Njia za kupita nazo zina vipimo vyake. Njia ya kiti cha magurudumu hupanda mita 1 kwa kila mita 12 za mwendo. Ngazi ya nje ya kupanda mita 1 huhitaji vidato 6 vya takriban sentimita 17. Njia ya gari ikizidi mteremko wa asilimia 15, huwa vigumu kuitumia wakati wa mvua. Vipimo hivi huamua mahali pa lango, na ni rahisi kulihamisha lango kwenye skrini kuliko baada ya nguzo kusimamishwa.

Kuhakiki mchoro

Kosa la kwanza la kuchunguza ni kuchanganya futi na mita. Vimo vikipimwa kwa mita na programu ikivisoma kama futi, mteremko wa mita 3 hugeuka kuwa chini ya mita 1, na ploti huonekana karibu bapa. Kosa la pili ni kuilainisha ardhi kupita kiasi. Programu nyingi huruhusu kontua zilainishwe ili zipendeze, lakini ulainishaji huo waweza kuiondoa ardhi kwenye nukta zilizopimwa.

Dawa ni mchoro wa mkato, yaani picha ya nyumba na ardhi kana kwamba vimepasuliwa kwa kisu kutoka juu ya ploti hadi chini. Ukatwe angalau mara tatu: katikati ya nyumba, na katika kila ukuta wa ubavuni. Ndani yake huonyeshwa ardhi ya asili kwa mstari wa vidoti na ardhi mpya kwa mstari kamili. Nafasi iliyo baina ya mistari hiyo miwili ndiyo udongo utakaolipiwa.

Hata mchoro sahihi hausemi lolote kuhusu uthabiti wa mlima. Maporomoko ya ardhi ya Novemba 2019 katika kaunti ya Pokot Magharibi yaliua makumi ya watu baada ya mvua kubwa, na maeneo ya milima ya Murang'a yamekumbwa na maafa ya aina hiyo mara kadhaa. Palipo na nyufa ardhini, miti iliyoinama au chemchemi zinazojitokeza mteremkoni, mtaalamu wa udongo hutangulia mchoraji.

Kabla ya uchimbaji kuanza, mwenye ploti na afike uwanjani na mkato wake uliochapishwa, pamoja na fundi, uzi na ule mpira wa maji. Vigingi vitatu au vinne vikipimwa upya na vimo vyake vikilingana na mchoro, kazi inaweza kuendelea. Visipolingana, ni mchoro unaopaswa kurekebishwa, kwa kuwa ardhi haitajirekebisha.